Rudi Sasa, Makamu

Jina lake nilikuwa nalijua. Nililiona kila wiki kwenye orodha ya zamu iliyobandikwa mlangoni pa ofisi ya walimu, tena limeandikwa kwa mkono wake mwenyewe. Lakini sikuwahi kulitamka mbele yake na sitaanza leo akiwa hanisikii. Katesh nzima ilimwita Makamu, hata wauza vitunguu ambao hawakuwa na mtoto shuleni kwetu. Alikuwa makamu mkuu wa shule chini ya wakuu watano, mmoja baada ya mwingine. Wale watano walikuja na kuondoka, na yeye akabaki kugawa chaki.

Ukitaka kumjua, anza na namna alivyosindikiza wageni. Mgeni kusindikizwa si jambo la ajabu, kila mtu anafanya hivyo. Ila kwa Makamu lilikuwa na sheria yake. Kwao Nambis, alisema, mwenyeji hageuki mpaka mgeni amwambie kwa mdomo wake, "Rudi sasa." Mgeni asiposema, mwenyeji anaendelea kutembea naye. Sijui kama Nambis yote iko hivyo au ni nyumba yao tu. Nimewauliza watu wa huko, wengine wamekubali na wengine wamecheka.

Mwaka mmoja alikuja mkaguzi, mtu wa mbali, mnene, mwenye begi la ngozi. Alipomaliza kazi yake Makamu akalibeba lile begi na kumsindikiza stendi. Basi halikuwepo. Mkaguzi akaona aende mbele kidogo anunue maji, Makamu huyo pembeni yake. Akanunua maji, akanyoosha miguu, Makamu huyo. Wakapita nyumba za mwisho, wakaanza kuifuata njia ya kwenda Getanuwas, vumbi linawapiga usoni, wote wawili kimya. Mwishowe yule mzee akasimama, jasho linamtoka, akauliza, "Mwalimu, niambie tu. Una shida gani na mimi?"

"Mimi sina shida, mzee," Makamu akajibu. "Nasubiri uniambie nirudi."

"Basi rudi!"

"Haya. Safari njema." Akampa begi lake na kugeuka.

Kisa hicho kilisimuliwa ofisini miaka na miaka, na kila mara tulicheka mpaka machozi. Makamu hakucheka. Alisema yule mkaguzi alikuwa mtu mwenye adabu, maana alitembea polepole ili asimchoshe.

Mimi nilifika pale kufundisha hesabu, miaka ile mkoa wetu ulipokuwa umetoka kukatwa kwenye Arusha na kila mtu alikuwa anajifunza kuandika Manyara kwenye bahasha. Baba yangu alikuwa na duka Dongobesh. Kwetu tumechanganyika, bibi wa huku na babu wa kule, na nyumbani tumekua na Kiswahili tu. Hilo lilimsumbua sana Makamu. Siku ya kwanza alinikaribisha chai nyumbani kwake, ile nyumba ya shule ya mwisho kabla ya uwanja, akaanza kunihoji.

"Kwenu kabisa mnaongea nini, Madam?"

"Kiswahili, Makamu."

"Najua. Nauliza mkiwa wenyewe."

"Kiswahili."

"Na mkigombana?"

"Kiswahili hicho hicho."

Akanitazama kwa huruma ya kweli, kama nimemwambia nimezaliwa bila bega moja. Kisha akaniongezea maziwa kwenye chai. Sukari hakuniongezea, maana kwa sukari alikuwa mchoyo kupindukia. Mtu huyo huyo aliyefunga sukari kwenye kabati kwa kufuli alikuwa anagawa miavuli. Alinunua miavuli ya mtumba sokoni na kuwapa watu waliokuwa wamelowa, asiulize itarudi lini. Nilimuuliza siku moja mantiki yake ni ipi. Akasema sukari ni tamaa, mvua ni haki ya mtu kukingwa.

Mvua ndiyo iliyokuwa maisha yake. Nyuma ya maabara kulikuwa na kipima mvua, mkebe wa bati wenye faneli, na kila siku saa tatu kamili asubuhi Makamu alikwenda kuusoma. Likizo alikuwepo. Krismasi alitoka kanisani katikati ya ibada, akasoma, akarudi. Alihesabu milimita kwa Kiiraqw, lugha ya kwao, midomo ikicheza bila sauti, ndipo akaandika kwenye daftari kwa tarakimu. Pamoja na hayo, mtu akimuuliza kama leo itanyesha, hakutazama daftari hata siku moja. Alitazama shingo ya mlima Hanang, akiona wingu limekaa vizuri alisema, "Anikeni nguo kesho." Nilimtania kwamba mwalimu wa fizikia anatabiri kama mganga. Akasema kipima kinajua mvua ya jana, mlima unajua ya leo, na yeye hagombanishi wazee.

Simu za mkononi zilipofika Katesh alinunua moja, ila hakuiweza. Si kwamba hakujua kubonyeza. Hakuweza kuharakisha salamu. Alikuwa akimpigia mdogo wake Nambis, anaanza na hali, anakwenda kwa watoto, ng'ombe, shamba, mahindi, mvua, jirani mgonjwa, na vocha inaisha kabla hajasema alichopigia. Anabaki ameishika simu sikioni. Mara ya kwanza nilicheka. Baadaye niligundua kwamba mara nyingi hakuwa na cha kusema zaidi ya zile salamu.

Sasa niseme habari ya mke wake, maana bila hiyo sitaeleweka. Mimi niliambiwa na mama aliyetupikia chai ofisini, mtu wa kuaminika kwa mambo ya watu. Mke wa Makamu alipanda basi la Singida asubuhi moja, mume akiwa darasani anafundisha kidato cha tatu. Alikuwa anakwenda kumwona mama yake. Hakuaga. Hakurudi. Baadaye zilikuja habari kwamba yuko huko na ana maisha yake, na kila mtu akazipokea isipokuwa Makamu. Siku walipokuja watu wa kuandikisha vyandarua nilikuwa pale uani, nasahihisha madaftari. Walimuuliza wanalala wangapi.

"Wawili," akasema.

"Mwingine yuko wapi, Mwalimu?"

"Yuko safarini."

Wakaandika wawili. Chandarua cha pili alikiweka juu ya kabati kikiwa ndani ya nailoni yake.

Kompyuta zilikuja shuleni kwa msaada, sita, nzito, zenye mgongo, zilizochoka huko zilikotoka. Moja ilikufa mapema, Makamu akaifufua na kuiweka kwake nyumbani kwa ruhusa ya mkuu wa shule, kwa ajili ya kumbukumbu za mvua. Kitabu kimoja tu cha C, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kilichokosa jalada, kilimtosha. Alijifunza yote mwenyewe, akaandika programu yake mstari kwa mstari. C ni lugha iliyo karibu na chuma chenyewe, haina maneno mengi, na ukikosea inakuangusha bila kukuonya. Ilimfaa. Programu ile ilipokea milimita za siku, ikazitunza na kuzijumlisha, na ilikuuliza maswali yake kwa Kiiraqw. Hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyeweza kuitumia.

Kitu kimoja kilimshinda, kuchora. Alitaka kuiona mvua ya miaka yote kwa mchoro, nguzo kwa nguzo, na kompyuta yake ilimpa alama za nyota tu zilizopangwa kwenye kioo cheusi. Mimi chuoni nilifundishwa Java, lugha nyingine ya kompyuta, na kuchora kwa Java nilijua. Nikamwambia nitamsaidia. Mgeni njoo, mwenyeji apone, nilisema, na akafurahi mpaka akafungua kabati la sukari.

Hapo ndipo tulipogombana kwa mara ya kwanza. Java haiongei na chuma moja kwa moja. Ina mashine yake ya katikati, mashine isiyoshikika, iliyotengenezwa kwa maagizo matupu, inayosimama ndani ya kompyuta na kutafsiri. Kawaida unaiwasha hiyo kwanza, kila kitu kingine kinaishi ndani yake. Nikamweleza kwamba tutawasha yangu, halafu ya kwake itaitwa ikihitajika.

Makamu akaweka kikombe chini. "Kwa hiyo mimi niliyejenga nyumba, niingie kwangu kwa hodi?"

"Makamu, ni kompyuta tu."

"Nauliza mwenyeji ni nani."

Wiki nzima hatukuzungumzia jambo hilo. Nilikasirika, niseme kweli, niliona ni ukaidi wa mzee. Kisha rafiki yangu wa Arusha akanitumia kwa basi kurasa alizotoa kopi kwenye kitabu fulani, na humo nikakuta kwamba njia ya Makamu ipo. Programu ya kawaida, iliyoandikwa kwa lugha ya nyumbani, inaweza yenyewe kuifungua ile mashine ya Java ndani yake, kama mtu anavyofungua chumba cha wageni kwenye nyumba yake. Humo ndani wataongea lugha yao, nyumba itabaki ya mwenyewe. Nilimpelekea zile kurasa nikiwa nimenuna kidogo. Akazisoma akiwa amesimama, mpaka mwisho.

"Hiyo mashine ni kama wewe," akasema. "Inaongea na kila mtu, haina kwao."

Alinitania, ila nilikwenda kulala nikiwa na neno hilo kifuani.

Ilituchukua miezi minne. Tulikutana kila jioni baada ya vipindi, mlango wazi kama heshima ilivyotaka, wanafunzi wakipita na ndoo za maji. Yeye hakujua lugha yangu na mimi sikujua yake, kwa hiyo kila mmoja alimweleza mwenzake alichotaka kwa Kiswahili na kwa vijiti vya kiberiti mezani. Mashine ikakataa kuwaka kwa sababu hatukuiambia vitu vyake viko kabati gani. Tukaiambia. Ikawaka, ikakataa kukiona kifurushi changu cha kuchora. Siku tano. Tatizo lilikuwa herufi. Mimi nilikiita Mchoro, kwa herufi kubwa, na Makamu aliandika mchoro kwa ndogo.

"Inanifungia mlango kwa herufi?" alifoka. "Si imeelewa ninachotaka?"

"Imeelewa. Lakini ni kama mtoto akusalimie mambo vipi badala ya shikamoo. Utamwitikia?"

Akafikiri. "Siwezi."

Akairekebisha ile herufi. Tukawasha. Kwenye kioo, katikati ya maandishi yake ya Kiiraqw, likafunguka dirisha jeupe, na ndani yake nguzo za buluu zikajipanga, mvua za miaka yake yote alizozisoma akiwa amesimama nyuma ya maabara. Aliona nguzo ya mwaka wa ukame ilivyokuwa fupi, akaona ya mwaka ule ambao barabara ya Singida ilikatika. Aliinuka, akatoka nje, akaurudishia mlango nyuma yake. Kisha nikasikia akibisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe.

"Karibu, Makamu," nikasema.

Akaingia, akakaa kwenye kiti cha mgeni, akaangalia mchoro mpaka umeme ulipokatika.

Kulikuwa na mambo mawili kwenye zile kurasa aliyoyapenda kupita kiasi. La kwanza, programu moja inaweza kuifungua mashine ile mara moja tu katika uhai wake. Ukishaifunga huwezi kuifungua tena humo humo, mpaka programu nzima ife na kuanza upya. Nilipomsomea hilo akasema, "Kama ndoa ya kanisani." Sikujua niangalie wapi.

La pili lilihusu kufunga. Ndani ya programu kuna kazi zinazotembea kila moja kivyake, wenyewe wanaziita nyuzi. Uzi wowote unaotaka kuongea na mashine ya Java lazima ujiandikishe kwanza, na ukimaliza lazima uage. Aliyefungua mashine ndiye anayeifunga, lakini akitoa amri ya kufunga, mashine haifungi kama kuna uzi ambao haujaaga. Inasubiri. Hata kama ule uzi umeshakwenda zake, mradi haukuaga, jina lake bado limo, na mwenyeji atakaa mlangoni bila mwisho.

Makamu aliisoma aya ile mara tatu. "Hawa watu walioitunga hii," akasema, "ni watu wa Nambis."

Ndipo tukaandika kifungu kidogo cha maagizo cha kuaga, na yeye akakipa jina: rudi_sasa. Kila uzi ukimaliza kazi utaita rudi_sasa, na mwenyeji atajua.

Uzi wa mwisho niliuandika mimi. Yeye alitaka asubuhi akiingiza milimita, mchoro ujichore upya wenyewe. Kazi hiyo ilitakiwa iandikwe kwa C, kwa lugha yake, na akasema niandike mimi kwa mkono wangu ili nipate kuijua. Nikaandika, yeye ameketi nyuma akitafuna mahindi ya kuchoma, hanisahihishi mpaka nikosee mara mbili. Uzi ukajiandikisha, ukapeleka namba, mchoro ukabadilika. Kilichobaki ni mstari mmoja wa kuaga. Giza lilikuwa limeanza kuingia. Nikamwambia, "Kesho namalizia."

Alinisindikiza mpaka kwenye lango la nyumba yangu. "Rudi sasa, Makamu," nikasema. Akarudi.

Kwenye begi langu siku ile kulikuwa na barua. Nilikuwa nimeomba kazi Arusha, bila kumwambia mtu, na nilikuwa nimepata, na walinitaka Alhamisi. Nilipanga kumwambia wakati wa chai, nikashindwa. Nikapanga kumwambia tukimaliza ule mstari, nikauacha ule mstari. Sijui kama mtu anaweza kuelewa. Nilikuwa nimeona chandarua cha pili juu ya kabati. Nilijua ningemwambia angesema "Hongera, Madam," angebeba begi langu mpaka stendi, na mimi ningetakiwa kumwambia yale maneno mawili na kumtazama akirudi peke yake kwenye ile nyumba ya mwisho. Sikuweza kulitazama jambo hilo. Asubuhi Makamu akiwa kipindi cha kwanza, nilipanda basi. Nilimfanyia kile kile alichokwisha kufanyiwa, tena nikijua.

Nilikaa Arusha miaka tisa. Namba yake ya simu ilikuwa kwenye simu yangu, nikaihamisha kila nilipobadili simu, na sikuipiga. Mwaka wa kwanza niliona haya. Baadaye niliona haya ya kuwa nimechelewa. Nikawa nasikia habari zake kwa yule mama wa chai, kwamba amestaafu, kwamba amepanga chumba na sebule nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, karibu na barabara, kwamba macho hayaoni vizuri. Mara ya mwisho aliniambia, "Jumamosi mdogo wake anakuja na gari kumchukua. Anarudi Nambis moja kwa moja. Kama unamtaka, huyo ndiyo anaondoka."

Nilikuwa na safari ya kikazi Singida wiki hiyo hiyo. Nikashuka Katesh.

Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa ameketi kwenye kiti kimoja, mbele yake madaftari ya mvua yamefungwa kwa kamba ya katani, tayari kwa safari. Macho yalikuwa na ukungu mweupe wa mtoto wa jicho.

"Hodi. Shikamoo, Makamu."

Aligeuza kichwa polepole. "Marahaba," akasema. "Karibu, Madam. Chai ipo." Alisema hivyo kama mtu aliyekuwa ametoka tu uani kuchukua kuni.

Tulisalimiana kama alivyotaka yeye, bila kuruka kitu, nyumbani, kazi, mama, Dongobesh, mvua za Arusha. Ile kompyuta yenye mgongo ilikuwa pale pembeni, inaunguruma. Nambis kwa mdogo wake umeme ulikuwa haujafika, kwa hiyo ilikuwa haiendi. Kipima mvua kilikuwa kimebaki shuleni na mwalimu kijana alikisoma alipokumbuka. Makamu bado aliingiza namba kila asubuhi, amesogeza pua mpaka kwenye kioo, mtoto wa mwenye nyumba akimletea tarakimu kwenye karatasi.

Niliuliza nikiwa najua jibu. "Bado haifungi?"

"Haifungi."

"Sasa unaizimaje?"

"Nachomoa."

"Kila siku?"

"Kila siku. Mara moja ilinifutia masika yote, nikaingiza tena kutoka kwenye daftari. Haina neno."

"Makamu, ni mstari mmoja. C ni lugha yako. Ungeuandika kwa dakika moja."

"Ule uzi ni wako," akasema, bila ukali wowote. "Mwenyeji haagi kwa niaba ya mgeni."

Nilivuta kiti. Nilikuwa nimesahau C, nilikuwa nimesahau hata mpangilio wa vidole kwenye ile kibodi, lakini faili lilikuwepo pale pale. Nikashuka mpaka mwisho wa kazi yangu, na hapo nikakuta maneno niliyoyaandika mwenyewe, ya kujikumbusha, ambayo kompyuta huyaruka: kesho namalizia. Hakuwa ameyagusa. Miaka tisa alikuwa anapita juu ya maneno yale. Nikalia. Sikutaka kulia mbele yake, lakini nililia kwa sauti, na yeye akangoja nimalize, mikono juu ya fimbo.

Nikafuta yale maneno. Mahali pake nikaandika rudi_sasa, mabano, nukta mkato. Nikaiunda programu upya, nikaiwasha. Akanitajia milimita za asubuhi ile, sita na nusu, nikaingiza, nguzo ya mwisho ikapanda kidogo. Kisha nikatoa amri ya kufunga. Dirisha jeupe likaondoka. Kwa sekunde mbili tatu hakukuwa na kitu. Halafu programu ikaandika neno lake la mwisho la Kiiraqw, ambalo sikuwahi kuliona hata siku moja kwa sababu haikuwahi kulifikia, na ikatoka.

Mkono wa Makamu ulikuwa umekwenda wenyewe kwenye soketi. "Imefanya nini?"

"Imefunga."

"Yenyewe?"

"Yenyewe, Makamu. Nisamehe. Niliondoka bila kukuaga, nami nilikuwa najua."

Akaurudisha mkono magotini. "Ilikuwa Jumanne," akasema. "Nilichemsha maji ya watu wawili. Nikasema labda anaumwa. Jumatano nikachemsha tena." Akatikisa kichwa kidogo. "Nilikasirika, Madam. Halafu nikachoka kukasirika, nikabaki kusubiri tu. Kusubiri nakuweza."

Tukanywa chai. Sukari ilikuwa mezani, kwenye bakuli, bila kufuli, na aliniongezea kijiko cha tatu bila kuniuliza.

Ilipofika saa nane nikasema basi langu linakaribia. Akasimama, akalichukua begi langu. Nikakataa, akanipita nalo mlangoni. Pale kizingitini nilitaka kumwambia arudi, kwa sababu ya jua, kwa sababu ya macho yake, kwa sababu barabarani kuna malori. Maneno yalikuwa mdomoni. Sikuyasema. Tukatembea, fimbo yake ikigonga mawe, mimi nikipunguza mwendo. Tukalipita duka la vifaa, tukaipita misikiti, tukafika stendi. Alisimama upande wangu, begi mkononi, upepo unapeperusha koti lake.

Basi la Singida likaingia na vumbi lake. Nikaelewa kwamba ni basi hilo hilo alilopanda mke wake, barabara hiyo hiyo, na kwamba tangu nimjue hakuwahi kusimama pale mbele ya basi la Singida na mtu wa kumwambia chochote.

"Mama, unapanda hupandi?" konda akaniita.

Nikachukua begi kutoka mkononi mwake.

"Makamu," nikasema. "Rudi sasa."

"Haya," akasema. "Ufike salama, Madam."

Akageuka saa ile ile. Niliketi dirishani nikamfuata kwa macho, koti, kofia, ile fimbo ikitafuta njia kati ya watu wa vitunguu, na basi likakaa pale muda mrefu kuliko nilivyodhani. Nilitamani atazame nyuma. Hakutazama. Alikuwa ameshaambiwa arudi.